Kwa Kina

Agenda ya tatu: bwawa la kuogelea.
Katibu ni mimi, kauntabuku langu, kalamu ya mtaa,
na nimeandika kama ofisi inavyotaka:
"Wajumbe walijadili kwa kina na kuafiki."

Mhandisi Rwegasira alibandika mchoro ukutani
kwa plasta ya kidonda, gundi ilikuwa imeisha.
Buluu ya kalenda, buluu isiyojua vumbi la Mashimoni.
Njia sita. Kina mita moja na nusu upande wa geti,
mita tatu upande wa vyoo.
Akasema, "Kuna swali?"
huku anabandua kona ya kwanza.

Bi Siwema wa genge alisimama na kapu lake.
"Bomba langu linatoa maji Jumanne, saa nane za usiku,
tena kwa kukohoa. Hilo bwawa litakunywa kwa nani?"
Mhandisi akasema kitachimbwa kisima kirefu.
"Basi chimbeni kisima. Bwawa litatukuta tumeoga."
Nikaandika: "Suala la maji lilifafanuliwa."

Hemedi wa gereji alitaka kujua kiingilio.
Aliposikia elfu tatu kwa kichwa
akahesabu wanawe kwa vidole, akarudia,
kama vile jibu lingebadilika, akakaa.

Zamoyoni yeye aliuliza ukuta.
Lile ghorofa jipya linaona mpaka sufuria zake;
wanawake wataogelea siku gani, nani akiwa dirishani?
Kijana mmoja nyuma akasema wanawake wa huku hawaogelei.
Hakugeuka kumtazama.
"Mwaka wa mafuriko nilikaa juu ya kabati
na watoto wawili mpaka alfajiri.
Maji hayakuniuliza kama naogelea."
Feni peke yake ndiyo iliyoendelea kuzungumza.

Ndipo akainuka Fundi Anakleti, seremala,
ambaye tangu machimbo ya kokoto yalipojaa, masika ya mwaka juzi,
hajachangia hoja hata ya taka.
"Mita tatu ni wapi?"
Mhandisi akaonyesha: juu ya kenchi, kwenye utando wa buibui.
Fundi akawaita watoto waliokuwa wakichungulia,
akawasimamisha ukutani mmoja mmoja, visigino vikigusa tofali,
akatia alama kwa penseli ya sikioni.
Mrefu kuliko wote: mita moja na arobaini.
Kisha akatia alama moja, chini kidogo,
ambayo haikuwa na mtoto mbele yake.
Hakutumia futikamba. Kipimo hicho alikuwa nacho.
Mbao alipasua mwenyewe, misumari alipiga mwenyewe,
sisi tulikuwepo, tukimshikia taa.

"Mchoro umeshapitishwa," mhandisi alisema, sauti imeshuka.
"Na nani?" akauliza Bi Siwema.
Hakujibu. Alitazama ukuta
muda mrefu kuliko alivyoutazama mchoro wake.
Akaomba penseli.

Sijui halmashauri watasemaje kuhusu ule mkwaruzo
uliopita juu ya tatu yao, na maneno ya pembeni,
kisima, ukuta, Alhamisi wanawake,
kwa mwandiko wa mtu aliyeandika akiwa amesimama.
Mtendaji kaniambia nifupishe, ukurasa mmoja unatosha.
Nimefuta mengi.
"Kwa kina" nimeliacha.

Jumatatu alikuja mpaka rangi.
Nikampa chai, nikamdanganya
kwamba upande ule una unyevu, rangi haitashika.
Sasa watoto wakitoka shule hupita kujipima.
Jana binti wa Zamoyoni ameupita ule mstari wa chini
kwa upana wa kucha.
Alirukaruka, akanitaka niandike.
Nilifungua daftari.
Sikujua niliweke kwenye agenda gani.